Taa ya ndani ya gari ni ya abiria, si ya watazamaji

Ukikwama kwenye foleni ya Mwenge au Tabata saa mbili usiku, tazama ndani ya magari yaliyo jirani nawe. Dari la IST linawaka buluu. Passo iliyo mbele yake ina zambarau inayochomoza chini ya viti. Noah iliyobeba familia nzima ina mwanga mweupe mkali kiasi kwamba watoto waliolala kiti cha nyuma wamefunikwa nyuso kwa kanga ya mama yao. Zamani mwenye gari akitaka kusifiwa alinunua rimu au spika. Siku hizi anaanzia darini.

Jambo hili naliona kila ninapopita barabarani usiku, na kila nikilitazama nazidi kuamini kwamba kitu kizuri tumekishika kwenye makali. Basi niseme msimamo wangu mapema, nisije nikadhaniwa mpinga maendeleo. Kutoa balbu za zamani ndani ya gari na kuweka LED ni matengenezo madogo yenye faida kuliko mengi tunayoyafanya, na familia yenye gari la mtumba haina sababu ya kuyachelewesha. Ila LED hiyo inunuliwe kwa ajili ya aliyekaa ndani. Ikinunuliwa kwa ajili ya anayechungulia kutoka nje ni hasara, na mara nyingine ni hatari.

Kibalbu cha wati tano

Magari yetu mengi ni wazee waliotoka Japani. IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyojaa kila mtaa wa Dar es Salaam, ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Passo ilianza 2004. Yalitoka kiwandani na balbu za waya mwembamba unaopashwa moto mpaka ung'ae, ufundi ambao kiini chake ni kilekile cha karne ya 19. Balbu ya dari huwa ndefu, ina ncha ya chuma kila upande, na nguvu yake ni wati 5, 8 au 10. Za kusomea pale mbele, na ya buti, mara nyingi ni ile ndogo ya kuchomeka ambayo wauza spea wa Gerezani wanaijua kwa jina la T10, ya wati 5.

Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye balbu hizo huishia kuwa joto. Mwanga ni masalia. Ndiyo sababu kifuniko cha plastiki cha taa ya dari katika gari la zamani kimegeuka rangi ya chai, kimekauka, na ukikigusa vibaya kinakatika meno. Mwanga wenyewe dhaifu, ukipita kwenye plastiki hiyo, unafika kitini umechoka.

Kwa nini mtu ajali? Kwa sababu gari katika miji yetu limegeuka chumba cha ziada cha nyumba. Mtoto anayeishi Chanika na kusoma mjini anaamshwa saa kumi alfajiri, na chai yake, soksi zake na hesabu aliyosinzia nayo jana vinamalizikia kiti cha nyuma. Bibi anayepelekwa hospitali usiku anatafutiwa kadi yake ya kliniki ndani ya mkoba wenye kadi kumi. Mama mwenye mtoto mchanga anasaka kifuniko cha chupa kilichodondokea chini ya kiti. Hawa wote wanahitaji kuona, na kibalbu cha wati tano chenye umri wa kupiga kura hakiwapi haki hiyo.

Dereva wa teksi za mtandaoni ndiye anayenishangaza zaidi. Kazi yake usiku ni kupokea noti na kurudisha chenji, halafu yeye ndiye wa kwanza kupaka dari lake buluu. Noti ya elfu kumi ni nyekundu, na si bure watu wanaiita wekundu wa Msimbazi. Iweke chini ya mwanga wa buluu mtupu uone inavyogeuka nyeusi, kwa kuwa kitu chekundu hakina cha kurudisha kikimulikwa na buluu. Abiria anakupa noti, unaikodolea macho, mwisho unawasha tochi ya simu. Sasa hiyo taa ya juu ni ya nini?

Hesabu ya Jumatatu asubuhi

Faida kubwa ya LED haiko hata kwenye mwanga. Iko kwenye betri, na hapa naomba msomaji anivumilie nishike kalamu.

Chukua balbu ya dari ya wati 8. Kwenye umeme wa volti 12 inavuta karibu theluthi mbili za ampea. Ijumaa jioni watoto wameshuka, mlango wa nyuma haukufunga sawasawa, na hakuna aliyegundua kwa sababu jua bado linawaka na taa haionekani. Wikiendi hiyo gari halikutoka. Mpaka Jumatatu alfajiri ni saa kama 60 hivi, na balbu hiyo imekwishakunywa ampea-saa 40. Betri ya gari dogo hubeba takriban ampea-saa 35 hadi 45 ikiwa mpya, na zetu ni nadra kuwa mpya. Unazungusha ufunguo, unasikia kijisauti cha kukatika, basi. Sasa weka LED ya wati moja mahali pale pale, mlango uleule, uzembe uleule. Saa 60 zitakula ampea-saa 5. Gari linawaka na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na tatizo.

Zamani uzembe huu ulisameheka. Gari la klachi lilisukumwa na vijana wa mtaa, dereva akaachia klachi, likakohoa na kuwaka. IST, Vitz, Passo na Noah zinazotubeba leo nyingi ni otomatiki, na otomatiki haisukumwi ikawaka, hata ukiita mtaa mzima. Utamtafuta jirani mwenye gari na waya za kubusti, au utampigia fundi aje na betri yake kwa bei atakayoitaja baada ya kuusoma uso wako. Wakati huo baba kachelewa kazini, mtoto ana mtihani, na bodaboda mbili zinaitwa kubeba watu waliokuwa waende pamoja. Betri inayoachwa ikauke mara kwa mara nayo haikai. Mpya ya gari dogo inapita laki moja, fedha ambayo katika nyumba nyingi ni ada au gunia la mchele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hapa ni kibalbu.

Wauzaji wengine hukuambia LED za ndani zitakupunguzia mafuta. Hilo wachekee tu. Umeme wa taa ya dari ni mdogo mno kuonekana kwenye risiti ya sheli.

Kipya kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chetu ni cha buluu.

LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak, Mmarekani, mwaka 1962. Baada yake zikaja rangi nyingine, lakini buluu yenye nguvu iliwatesa wanasayansi kwa miongo mitatu. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano waliipigania chuoni Nagoya, na Shuji Nakamura akaipigania katika kampuni ya Nichia, iliyotangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Si uzuri wa buluu uliowapa tuzo. Bila buluu tusingekuwa na nyeupe: LED nyeupe ya kawaida ni kipande kinachotoa buluu kilichofunikwa kwa unga wa njano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Wajapani walihangaika miaka yote hiyo ili tupate nyeupe kutoka kwenye buluu. Sisi tumeipokea nyeupe yao, tukarudi buluu.

Hata nyeupe tunayonunua ina ubuluu ndani. Kwenye pakiti kuna namba yenye herufi K. Balbu ya zamani ilikuwa kwenye 2700K hivi, mwanga wa njano kama wa sebuleni. 3000K iko karibu na hapo. 4000K ni nyeupe tulivu. Zilizojaa Kariakoo ni 6000K, 6500K, na nyingine 8000K, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ubuluu unavyozidi. Muuzaji anakuambia hiyo ndiyo kali, na wewe unalipia ukali.

Ukali huo unamwangukia dereva. Jicho linapoingia gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea kabisa, na mwanga mkali wa sekunde chache unalirudisha mwanzo. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani huguswa sana na rangi za upande wa buluu, na nyekundu karibu haiziamshi. Mabaharia wanalijua hilo, ndiyo maana chumba cha usukani cha meli usiku huwekwa giza na kutumia taa hafifu nyekundu pale panapohitajika kusoma ramani. Nahodha hawezi kukubali sebule ya buluu kichwani mwake huku akitafuta mashua isiyo na taa mbele.

Dereva wetu anatafuta nini? Yuko barabara ya Morogoro, amepita Chalinze, hakuna taa za barabarani. Mbele kuna baiskeli isiyo na kiakisi, kuna mtu aliyevaa koti jeusi, kuna lori lililoharibika ambalo alama yake pekee ya hatari ni matawi ya mti yaliyotupwa lamini. Nyuma ya dereva huyo watoto wamewashiwa taa ili wasiogope giza, na mwanga unapiga kioo cha mbele unarudi machoni. Anaona taswira ya dari lake na kiti chake juu ya kioo, na barabara iko nyuma ya taswira hiyo. Familia iliyotaka gari lipendeze imemfunga dereva wake kitambaa.

Kuna pia askari. Buluu na nyekundu zinazomweka ni rangi za polisi, magari ya wagonjwa na zimamoto, na mara kwa mara tunasikia operesheni za kukamata magari binafsi yenye vimulimuli na ving'ora. Taa ya dari iliyotulia si kimulimuli. Lakini ile inayocheza kwa mdundo wa muziki, ikionekana kwenye kioo cha nyuma kutoka umbali wa mita mia, itakupotezea nusu saa ya maelezo pembeni ya barabara, na maelezo hayo wewe ndiye utakayekuwa unayatoa.

Fundi akishika koleo, muulize anakata nini

Balbu ya LED ya kubadilishia imetengenezwa ikae mahali pa ile ya zamani. Unatoa hii, unaweka ile. Hakuna waya wa kukatwa. Kazi ya dari zima la gari dogo haimalizi muda wa kunywa chai, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe chini ya mwembe.

Kinacholeta koleo na tepu ni zile taa za mkanda, za kubandika chini ya viti na pembezoni mwa dashibodi. Hizo hazina makazi katika gari, kwa hiyo umeme wake lazima uibwe mahali: kwenye redio, kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kwenye waya wowote ambao fundi ameugusa na kipima umeme kikawaka. Mara nyingi wizi huo hauna fyuzi. Waya unasuguana na chuma nyuma ya dashibodi kwa miezi, ganda linachunika, na siku moja gari linatoa moshi. Wengi wetu tuna bima ndogo. Bima ndogo humlipa uliyemgonga, gari lako lililoungua hailijui. Je, zambarau ya miguuni ina thamani ya gari zima? Mwenye jibu la ndiyo na aendelee.

Hata kazi rahisi ina miiko yake. Kifuniko kifunguliwe kwa kipande bapa cha plastiki, maana bisibisi huacha kovu darini na kukivunja meno. Balbu iachwe ipoe kwanza. Na fyuzi itolewe kabla ya kugusa chochote. Mwiko huu wa mwisho ndio unaodharauliwa kuliko yote. Katika magari mengi ya Kijapani swichi ya mlango hukata upande wa hasi, maana yake umeme chanya unabaki umesimama kwenye moja ya ncha za balbu hata taa ikiwa imezimika. Gusisha ncha hiyo na chuma cha dari, cheche moja, fyuzi imekatika. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa DOME, na ndiyo hiyohiyo inayolisha saa na kumbukumbu ya redio. Mtu anatoka hapo akiamini redio imekufa, anaenda kununua nyingine, kumbe dawa ni fyuzi ya bei ya pipi.

Ukiichomeka LED isiwake, usimtukane muuzaji bado. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Igeuze.

Ubora ndio mgumu kuujua kwa macho. Gari likiwa limezimwa umeme wake ni volti 12 na ushei, injini ikiwaka alteneta inaupandisha mpaka 14 na kidogo. LED ya kulipua, iliyowekewa kirezista kimoja tu badala ya kidhibiti cha umeme, inalishwa kuliko tumbo lake. Inapepesa, inapoteza vidoa vyake kimoja kimoja, na ndani ya miezi michache dari lina mwanga wa pengo. Ongeza joto la gari lililofungwa vioo mchana kutwa juani Posta, nalo joto ni adui wa LED kuliko ilivyokuwa kwa balbu ya zamani. Njia yangu ya kupima ni hii: nunua moja kwanza. Iweke, washa injini, fungua redio kwenye FM ya mbali kidogo. Ikikoroma pale tu taa inapowashwa, umeme wa taa hiyo ni mchafu, usinunue ya pili.

Magari yenye taa ya dari inayofifia taratibu baada ya mlango kufungwa huweza kubakisha ukungu wa mwanga kwenye LED, kwa kuwa umeme kidogo unaoponyoka kwenye saketi, usiotosha kuamsha balbu ya zamani, unaitosha LED. Hauna madhara, na fundi atakayetaka hela ya kuuondoa ametafuta mlo wa jioni. Wenye magari ya Ulaya wao wana kero yao: baadhi yake hupima balbu kila wakati, na yakikuta LED inavuta umeme mdogo yanatangaza kwenye dashibodi kwamba taa imeungua. Dawa inayouzwa ni LED zilizoandikwa CANBUS, ambazo huongezewa mzigo wa bandia ili gari lidanganyike. Zinapata moto, na sehemu ya umeme uliotaka kuuokoa inarudi kuwa joto. Kizuri hakikosi ila.

Matatu waachieni

Nitaulizwa kuhusu Nairobi. Ukishuka pale mjini jioni ukaona nganya, yaani matatu zilizorembwa, za kwenda Rongai na Umoja, taa za ndani zinabadilika rangi kwa kila wimbo, na mafundi wa huko wamefanya kazi hiyo kuwa sanaa. Sina ugomvi nazo. Nganya inauza kiti, na kijana wa chuo anaacha matatu yenye giza iondoke nusu tupu ili asubiri ile inayong'aa. Mwenye gari anairudisha hela yake kwenye nauli kila siku. Ningeomba tu pazia litenge mwanga huo na macho ya dereva.

Mwenye IST ya kwenda ofisini na kurudi anamuuzia nani kiti? Anaiga biashara ambayo hana. Na wanaomtazama kwenye foleni ya Mwenge, kama kweli wanamtazama, wamekwishamsahau kabla taa hazijaruhusu.

Wauza spea wa Gerezani, na wenzao wa Kirinyaga Road kule Nairobi, wanaweza kulirekebisha hili kuliko sheria yoyote. Leteni 3000K na 4000K, ziwekeni mbele ya kaunta, na 8000K zirudi nyuma ya boksi. Acheni kumwambia mama mwenye Passo kwamba kitaa kisichozidi ukucha wa kidole kina wati 20. Kingekuwa nazo kingeyeyusha kifuniko. Shirika la Viwango Tanzania nalo lingetusaidia kwa kuzipima namba hizo za kwenye pakiti.

Nawe msomaji, ukienda dukani Jumamosi hii, beba balbu ya zamani mfukoni na uipime kwa rula kabla ya kulipa. Za dari zipo za milimita 31, 36, 39 na 41, kwa macho zinafanana, na muuzaji wa kurudisha hela ya isiyoenea sijamwona.